Baba Yake Aila Hakutumiwa Mtu

Mlola, Lushoto
21 Mei 2023

Kwa mwanangu mpenzi Shamsa,

Assalam alaikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima wewe na mumeo Clemence. Sisi huku wazima, ila baridi imewahi mwaka huu na goti langu la kushoto linatangaza hali ya hewa kuliko redio. Unakula? Dula anasema alipokuona sokoni Morogoro umekonda, lakini Dula naye kila mtu kwake amekonda maana mkewe mnene. Niandikie ukweli.

Kifurushi amekifikisha, hakikulowa, alikiweka mbele kwenye lori mbali na kabichi. Kufungua, kumbe makaratasi! Nikasema huyu mtoto anajua mama yake aliishia darasa la nne, sasa haya niyafanye nini? Ndipo nikasoma barua yako, kwamba ni kitabu cha mapenzi cha watu wa kale wa Uskochi, umekitia kwenye Kiswahili wewe mwenyewe, na bosi wako hachapi mpaka asikie watu wa vijijini wanasemaje. Mwanangu, nilikaa nayo uani nikawa nayapapasa tu. Haya yote yametoka kwenye kichwa nilichokuwa nakisuka mimi.

Basi tumefanya hivi. Hidaya, binti wa baba yako mdogo Amiri, ndiye anayesoma. Sisi wengine tunachambua maharage huku tunasikiliza, baada ya sala ya alasiri. Tulianza watatu, sasa uani hapatoshi, wengine wanakuja na maharage yao.

Maoni ni haya. Kwanza Mwamvita, unamjua mdomo wake, anauliza hao watu wanalima saa ngapi. Anasema, "Tuko sura ya sita, farasi wamekimbia, panga zimechomolewa, jembe hakuna aliyeshika. Hicho wanachokula kinajiotea?" Pili, zile sketi za wanaume. Hidaya kaeleza kwamba si sketi, ni shuka ya ukoo. Mwamvita akasema, "Shuka ya ukoo hata mimi ninayo, lakini sipandi nayo farasi kwenye upepo." Ukungu, mvua na kondoo wamevipenda wote. Wanasema huko ni kama msitu wetu wa Shagayu tu, ila hawajui viazi.

Tatu ni ile sura Aila na huyo Ruwari aliyemtorosha walipolala pangoni. Hidaya alikohoa akafunua karatasi mbili kwa pamoja. Mwamvita akamuona. "Wee! Rudisha hiyo karatasi. Mimi nimezaa saba, unanificha nini?" Mtoto wa watu akasema hawezi kusoma vile mbele ya wakubwa. "Basi lete hapa," Mwamvita akasema, "tutazame hata wino." Kwa hiyo mwambie bosi sura hiyo hatukuipata vizuri.

Baba yako mzima. Jina lako bado halitaji. Tunasomea upande wa jikoni kwa sababu hiyo. Na kupiga simu usipige bado, simu ni yake. Dula anatosha.

Ni mimi mama yako mzazi.


Morogoro
6 Juni 2023

Mama yangu,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Nimempa Dula mafuta ya karafuu, upake ukilala, usimgawie Mwamvita yote. Sisi hatujambo. Clemence anakusalimu, anasema shikamoo mama, na ananiuliza kama siku moja atakusalimu kwa mdomo wake.

Barua yako nilimsomea bosi. Alicheka mpaka akavua miwani. Pale kwenye wino alitoka nje. Ila mama, kuna jambo sikukuambia na sasa ninawahitaji sana wewe na wenzako. Mwishoni mwa kitabu Aila anarudi kwao, mtoto mgongoni, theluji imemfika magotini. Anabisha hodi kwa baba yake, yule jumbe aliyeibiwa binti, na baba anafungua hapo hapo. Wasomaji wa mjini wamesema ni uongo mtupu, baba aliyedhalilishwa hivyo hafungui. Bosi anataka kuikata sura hiyo, kitabu kiishie Aila akiwa njiani. Mimi sitaki. Nawaomba mkifika hapo mniambie, baba anaweza kufungua au hawezi?

La pili nimeliweka chini kusudi, nijue umekaa. Nina mimba, mama. Mwezi wa tano unaingia.

Mwanao,
Shamsa


Mlola
25 Juni 2023

Mwanangu, mama wa mjukuu wangu,

Assalam alaikum, na mtoto aliye tumboni naye namsalimu. Alhamdulillah. Nilikuwa nimekaa kama ulivyotaka nikasimama, nikaenda kwenye migomba nikalia huko, maana mtu akiniona ataniuliza. Sasa nisikilize. Ndoo za maji usinyanyue. Miguu ikivimba usinyamaze, sema. Usile udongo hata ukiutamani. Clinic unakwenda? Una mtu wa kukusugua mgongo?

Sasa la baba yako. Juzi Hidaya alifika pale jumbe, baba yake Aila, anapomtafuta bintiye milimani na mbwa, anaita mpaka sauti inakauka. Wanawake waliacha hata maharage. Mara sauti ikatoka dirisha la chumbani.

"Alitumiwa mtu?"

Nilidhani amelala! Hidaya akauliza, "Nani, baba mkubwa?"

"Huyo mzee mwenye mbwa. Walioiba binti walituma mtu kumwambia?"

Hidaya akatafuta kwenye makaratasi. "Hapana, baba mkubwa. Hakutumiwa mtu."

Halafu akasema, "Basi kitabu hicho kinajua," na dirisha likafungwa.

Mwanangu, wewe ulipoondoka hukuona yaliyofuata, na mimi sikukuandikia nisikuumize. Lakini sasa utakuwa mama. Kwetu unajua, kijana akitorosha binti, wazee wake wanamtuma mtu haraka aje kusema msimtafute, yuko kwetu. Matusi yapo, faini ipo, lakini baba analala akijua mwanawe yu hai. Kutoka kwa Clemence hakuja mtu. Baba yako aliingia Shagayu, akalala huko. Akashuka mtoni akawa anapekua chini ya mawe kwa fimbo. Unajua mtu anapekua mto akitafuta nini. Ujumbe wako wa simu kwamba mmefunga ndoa bomani ulipofika, alikuwa ameshakuzika moyoni. Alisema, "Dini tungezungumza. Boma tungezungumza. Lakini mimi wameniacha nikapekue mto."

Miaka miwili hajasema zaidi ya hapo, mpaka juzi dirishani. Mimi nimeishi naye namjua, ule mlango ameuegesha, haukufungwa. Clemence atume mzee. Hata sasa. Aje na mikono mitupu kama hana kitu, lakini aje.

Mama yako mwenye furaha na hofu.


Morogoro
16 Julai 2023

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama, na pole. Habari ya mto sikuijua. Nimeisoma peke yangu, nikamsomea Clemence, akaondoka akaenda kusimama barabarani. Aliporudi alisema kwao Karagwe hawana desturi hiyo. Kwao ukimchukua binti unakaa kimya mpaka hasira za wakwe zipoe, ukituma mtu mapema ni kama unawacheka. Yeye alidhani anamheshimu baba. Mama, tulikaa kimya miaka miwili kwa heshima!

Clemence hana baba. Mzee aliyebaki ni mjomba wake, Mzee Benjamini, aliyemlea. Tumempigia simu. Amesema yuko kwenye kahawa, akimaliza kuvuna atakuja mwenyewe, Septemba. Amesema jambo kama hili halisemwi kwenye simu, mtu anakwenda kwa miguu yake.

Mimi mzima, ila miguu imevimba kama ulivyosema, na kichwa kinagonga asubuhi. Clinic wamesema presha imepanda kidogo, wamenipa vidonge, nipumzike. Usihangaike. Nalala, najisomea kitabu changu mwenyewe na kukuta makosa.

Mama, kama baba ameuegesha mlango, si nije tu? Nipande basi, nije nibishe hodi kama Aila?

Mwanao,
Shamsa


Mlola
13 Agosti 2023

Kwa binti yangu Shamsa,

Assalam alaikum. Vipi miguu? Vipi kichwa? Hiyo "kidogo" ya presha siipendi. Kila anayeshuka kwenda Lushoto namwomba akuombee dua, mpaka wananikimbia.

Usije, mama. Najua unavyotamani, hata mimi kitanda chako nimekianikia godoro. Lakini ukitangulia wewe kabla ya mzee, baba yako atakosa pa kusimama. Watu watasema binti karudishwa, au kafukuzwa. Mzee aje kwanza, kiwekwe kikao, halafu baba yako mwenyewe atasema mleteni. Ameshasema! Sikiliza. Jana anakula, bila kunitazama akasema, "Mtoto wa kwanza huzaliwa kwao mama yake." Nikauliza mtoto gani? Akasema, "Wa ng'ombe wa Amiri." Amiri hana ng'ombe!

Na sasa anasikiliza kitabu waziwazi. Ameleta kigoda chake kabisa. Anamtetea jumbe. Mwamvita akisema jumbe mkali mno, yeye anasema, "Wewe umezaa saba, hujaibiwa hata mmoja." Mwamvita naye, "Nani atawaiba, sura zao za baba yao?" Anacheka, Shamsa. Baba yako anacheka uani kwake. Nimemwambia Hidaya asome polepole, kitabu kisiishe mapema.

Sasa mfundishe Mzee Benjamini, maana yeye si wa huku. Akifika asitegemee kukaribishwa. Baba yako hataitika salamu yake. Atamwita mwizi, atamuuliza mwanangu mmempeleka wapi, atamwambia arudi alikotoka, na wanawake nao watamzomea nyuma ya mlango. Asiogope wala asikasirike. Ndivyo inavyokuwa, hasira lazima ipate njia ya kutokea. Yeye ajibu tu kwamba yuko kwetu, mzima, anakula anashiba. Akishasema hivyo mkeka unatandikwa na chakula kinatoka. Mfundishe na kusalimia Kisambaa, onga mshi, baba yako atafurahi moyoni ingawa hataonyesha.

Dula kanieleza ni Jumamosi ya pili ya Septemba. Jogoo nimeshamteua.

Mama yako anayehesabu.


Morogoro
7 Septemba 2023

Shikamoo mama,

Hii anaileta Mzee Benjamini mwenyewe. Nimeandika nikiwa nimelazwa, mwandiko usikutishe. Presha haijashuka, wanataka wanione kwa karibu. Kitanda kiko dirishani, naiona milima ya Uluguru, si kama yetu lakini inasaidia.

Mzee alipofika kutoka Karagwe akaja moja kwa moja wodini na vumbi lake. Aliponiona hali hii akasema haendi tena, atangoja mpaka nijifungue. Nimemkatalia. Nimemwambia, mzee wangu, dawa yangu wewe ndiye unayekwenda kuileta. Tumefanya mazoezi, mimi ndiye baba. Nilimwita mwizi kwa sauti mpaka nesi akaja. Anajua majibu yote. Onga mshi yake inatoka Kihaya lakini inatoka.

Hamjafika mwisho wa kitabu? Bosi ananingoja. Kichwa kinauma, mama, naacha hapa. Baba mwambie, hapana, usimwambie kitu, mzee atasema.

Shamsa wako


Mlola
20 Oktoba 2023

Mwanangu Shamsa,

Salamu sijui nikupe ya namna gani. Nimekaa na kalamu tangu asubuhi, kila ninayoianza inauliza hali. Mwenyezi Mungu akuweke pema, basi, hiyo ndiyo salamu.

Hidaya ananiuliza mama mkubwa unamwandikia nani. Namwandikia aliyenituma kazi. Kazi yako sijaimaliza, na Clemence yuko hapa, amekuja kwa arobaini, atampelekea bosi. Lakini kabla ya kazi nataka nikusimulie ile Jumamosi, maana mambo ya nyumba hii nimezoea kukusimulia wewe.

Baba yako aliamka akavaa kanzu ya Idi. Alikaa sebuleni mapema mno, akawa anafanya mazoezi ya kukunja uso. Sisi tulijazana nyuma ya mlango wa jikoni, Mwamvita mbele, midomo tumeiziba kwa kanga tusicheke. Mzee akatokea. Mrefu, mweupe kichwa, fimbo mkono huu, na mkono huu kahawa yake ya kutafuna imefungwa kwenye jani la mgomba. Akasimama mlangoni. Akasema, "Onga mshi."

Baba yako hakuitika. "Mwizi hasalimiwi," akasema. "Kwanza nijibu. Mwanangu mmempeleka wapi?"

Mwamvita akapaza sauti, "Mwizi wa mabinti! Arudi alikotoka!" Tukazomea wote. Na mimi, Shamsa. Mimi nilizomea kuliko wote, nilikuwa na furaha mno.

Yule mzee akanyamaza. Baba yako akauliza tena, kwa ukali zaidi, "Nasema mwanangu mko naye wapi?" Baba yako akadhani mgeni amesahau maneno. Akamuonea huruma. Akainama mbele kidogo, akamnong'oneza, nilimsikia kwa masikio yangu, akamfundisha, "Sema, mzee mwenzangu. Sema yuko kwetu, mzima."

Ndipo mzee akakaa kizingitini na kahawa yake. Akasema, "Nilimwacha akiwa mzima. Nimelala Lushoto. Alfajiri Clemence amenipigia. Nikasema siwezi kurudi nyuma, huyu baba hawezi kukosa mtu mara ya pili."

Mwamvita alikuwa bado anazomea. Hakusikia. Ikabidi nimshike mdomo kwa mkono wangu.

Mengine umeyaona wewe kuliko mimi. Baba yako alishuka na Amiri na lori la Dula, wakakuleta. Clemence hakubisha, alisema mrudisheni kwao, nami nifuate nyuma. Nilikuosha mimi na Mwamvita. Miguu yako ilikuwa imevimba, nikaisugua. Barua uliyompa mzee nimeisoma baadaye, haina cha kunitisha, mwandiko wako mzuri.

Mtoto wako wa kike mdogo sana lakini ana mapafu, kijiji kizima kinamsikia. Tumempa jina Mwanaidi, la mama yangu. Mzee Benjamini na baba yako wanagombania kumpakata. Mzee hajarudi Karagwe, wanakaa barazani wanatafuna kahawa hawasemezani, na mmoja akinyanyuka mwingine anamtafuta kwa macho. Clemence anamwita baba yako baba, na baba yako anaitika.

Sasa kazi. Sura ya mwisho tulikuwa hatujaisoma. Baada ya dua ya arobaini watu walipopungua, nikamwambia Hidaya alete makaratasi. Alikataa, akalia, halafu akaleta. Akasoma. Aila amefika kwenye theluji, mtoto mgongoni, amebisha, baba amefungua. Mwamvita, yule Mwamvita, alikuwa anatazama chini.

Hidaya kwa kuwa ni msomi akasema lazima tujibu swali, Dada Shamsa aliuliza. Baba anaweza kufungua au hawezi?

Baba yako alikuwa kwenye kigoda chake na Mwanaidi kifuani. Akasema, "Anaweza." Akamfunika mtoto vizuri. Akasema, "Mwandikieni huyo bosi asiikate. Waliotumiwa mtu na wasiotumiwa, wote wanaweza. Ila huyo jumbe amechelewa kidogo kuinuka, mpaka binti akabisha. Angetoka nje akamngoje."

Hayo ndiyo maoni yetu, mwanangu. Hatuna mengine.

Mama yako